TAHARIRI: Vumbi la Bunia na injini za ndege, nani anahesabu?

Kwa mkaaji wa Bunia, ndege si starehe ya matajiri. Barabara ya kitaifa nambari 27 kuelekea Mahagi imemwaga damu ya wasafiri kwa miaka, na ile nambari 4 ya kwenda Komanda na Beni vilevile. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mlango mwingine wa mashariki ulijifunga. Mgonjwa anayepelekwa Kinshasa, mwanafunzi anayerudi Kisangani, mfanyabiashara anayefuata bidhaa Entebbe, dawa za vituo vya afya, vyote hivyo vinapita juu. Kwa hiyo tunaona ni haki yetu kuzungumzia leo jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mainjinia peke yao, yaani maisha ya injini za ndege zinazotua na kupaa katika vumbi letu.

Hatuzungumzii rubani, wala kuchelewa kwa safari, ingawa juu ya kuchelewa tungeweza kuandika kitabu. Tunazungumzia utando wa kauri ambao abiria hauoni, na ambao ukibambuka kabla ya wakati wake, yeye ndiye anayelipa, kwa bei ya tiketi ama kwa hatari.

Kila mwendesha pikipiki wa mji huu ameshika kauri ya injini mkononi, hata kama hakuiita kwa jina hilo. Ni ile sehemu nyeupe ya buji. Imetengenezwa kwa alumina, yaani alumini iliyoungana na oksijeni na kuchomwa kwa moto mkali. Haipitishi umeme, haiyeyuki kwa moto wa esanse, inakaa miezi na miezi ndani ya joto bila kulalamika. Lakini iangushe kwenye sima uone: inapata ufa, na buji imekufa. Fundi yeyote wa kando ya barabara atakuambia hivyo bila kusoma chuo. Kauri inavumilia moto kuliko chuma, ila haijui kupinda.

Sasa tupande juu. Katika injini kubwa za ndege za abiria, hewa inayotoka kwenye chumba cha mwako inapita nyuzi 1,500 za Selsiasi. Mbele yake kuna mabapa ya turbini, vipande vya chuma vyenye umbo kama la panga fupi, vinavyozungushwa na moto huo maelfu ya mara kwa dakika. Chuma chake, mchanganyiko wa nikeli na metali nyingine, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300. Kinasimamaje basi ndani ya moto unaoweza kukiyeyusha? Kwa msaada wa aina mbili. Kwanza, ndani ya bapa kuna vijitundu vinavyopitisha hewa ya kupoza (hata hiyo inayoitwa hewa ya kupoza ina joto la mamia ya nyuzi). Pili, juu ya chuma kumepakwa utando wa kauri. Kwenye bapa unene wake ni robo ya milimita hivi, kama karatasi mbili tatu za daftari zikiwekwa pamoja. Utando huo na ile hewa, vikifanya kazi pamoja, hupunguza joto linalofika kwenye chuma kwa nyuzi 100 hadi 300.

Kauri yenyewe inaitwa zirkonia. Ikiwa tupu haifai, kwa sababu kila inapopata moto na kupoa inabadilisha mpangilio wake wa ndani, inavimba na kusinyaa, mwisho inajipasua yenyewe. Wataalamu waliichanganya na itria, asilimia 7 hadi 8 ya uzito, ikatulia. Kituo cha utafiti cha NASA mjini Cleveland, Marekani, kilijaribu kauri ya namna hii ndani ya injini ya ndege katika miaka ya 1970, na mpaka leo mchanganyiko huo ndio unaotumika zaidi.

Utando huo unakufaje? Hapa ndipo penye jambo letu.

Kifo cha kwanza ni cha uzee. Kauri haishiki moja kwa moja kwenye chuma cha bapa. Katikati kuna tabaka la metali lenye alumini nyingi, linaloshika kauri kama plasta inavyoshika rangi ya ukuta. Tabaka hilo, kwa kuwa liko motoni, linaota kutu nyembamba ya alumina. Mwanzoni kutu hiyo ni kinga nzuri. Lakini kila saa ya moto inaiongezea unene, na ikifika mikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za milimita, inaanza kusukuma kauri iliyo juu. Kauri inabambuka vipande vipande.

Kifo cha pili ni cha kupasha na kupoza. Nyumba nyingi za wazee wetu bado zina zile sahani za bati nyeupe zenye ukingo wa buluu. Ule weupe ni kauri iliyoyeyushiwa juu ya bati. Baada ya miaka ya chakula cha moto na maji ya baridi, na kugongwa mara mbili tatu, weupe unatoka na unabaki na doa jeusi la chuma. Chuma kinatanuka zaidi kuliko kauri, na mahali viliposhikana panachoka. Ndani ya turbini ni vilevile, ila joto ni mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kinachochosha utando si saa za kukaa angani tu, ni pia idadi ya safari. Ndege inayoruka saa 8 mfululizo juu ya bahari imepasha na kupoza mara moja. Ndege inayofanya miruko minne mifupi kwa siku imefanya hivyo mara nne, na kila kupaa ndipo moto unakuwa mkali kuliko wakati wote. Ongeza na hili: Bunia iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, hewa ni nyepesi, na injini inafanya kazi nzito zaidi kuinua mzigo uleule kuliko ingekuwa Dar es Salaam ama Mombasa.

Kifo cha tatu ni vumbi, na hicho ndicho tunachoweza kukipunguza sisi wenyewe.

Vumbi linafanya maovu ya aina tofauti. Likiwa gumu na kavu linasugua, kama mchanga unavyosugua sufuria. Linamomonyoa mabapa ya mbele ya injini, yale ya kukandamiza hewa, na likifika nyuma linakula kauri chembe kwa chembe. Likiwa laini sana linaingia kwenye vile vijitundu vya hewa ya kupoza na kuviziba. Bapa linakosa hewa, linapata joto lisilopangwa. Ovu baya zaidi linatokea pale ambapo vumbi lenyewe linayeyuka. Vumbi lenye kalisiamu, magnesiamu, alumini na silika likifika kwenye nyuzi 1,200 na kitu hugeuka kama kioo cha maji. Kioo hicho kinanyonywa na vinyweleo vya kauri kama mchuzi unavyonyonywa na mkate. Injini ikizimwa, kinaganda humo ndani. Kauri iliyokuwa na nafasi ndogo ndogo za kuisaidia kutanuka na kusinyaa inakuwa kitu kimoja kigumu, na safari inayofuata inaanza kukatika.

Majivu ya volkano ni vumbi la namna hiyo hiyo, na dunia ilijifunza kwa hofu. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways aina ya Boeing 747, yenye watu 263, ilipita katika majivu ya mlima Galunggung huko Indonesia. Injini zote nne zilizimika. Majivu yalikuwa yameyeyuka ndani na kugandia kwenye turbini. Ndege iliteremka bila nguvu. Injini zilipopoa, majivu yaliyoganda yakapasuka na kutoka, marubani wakaziwasha tena na kutua Jakarta. Tarehe 15 Desemba 1989 yaliikuta ndege ya KLM karibu na mlima Redoubt, Alaska, nayo ikapoteza injini zote nne kabla ya kuziwasha tena na kutua Anchorage. Hakuna aliyekufa katika safari hizo mbili. Injini za leo zina moto mkali zaidi kuliko zile za 1982, maana yake majivu yanayeyuka kwa urahisi zaidi ndani yake.

Sisi wa mashariki hatuhitaji kwenda Indonesia kutafuta mfano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, ndege zikasimama Goma kwa siku kadhaa. Wengi wanakumbuka lava kwa sababu inachoma nyumba. Rubani anaogopa zaidi kile kisichoonekana vizuri usiku, yale majivu yanayobebwa na upepo. Kituo cha Toulouse, Ufaransa, ndicho kinachotoa maonyo ya majivu ya volkano kwa anga la Afrika, na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kinafuatilia milima yenyewe. Kwa majivu, basi, kuna anayeangalia. Vumbi la kila siku la kiangazi cha Ituri, kati ya Desemba na Februari, halina onyo, halina mlima, halina habari kwenye redio.

Hapa tuseme ukweli wote, tusitishe watu bure. Udongo wetu mwekundu, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, umebaki na chuma na alumini kwa wingi na kalisiamu kidogo. Hauyeyuki kirahisi kama mchanga wa jangwani ama majivu ya volkano. Madhara yake makubwa ni ya kusugua na kuziba. Pia ndege nyingi ndogo zinazohudumia Aru, Mahagi na vijiji vya ndani, kama zile Cessna Caravan, zina injini ya propela isiyo na moto mkali kama wa ndege kubwa. Caravan ina njia ya kujikinga: rubani akivuta mkono fulani, hewa inayoingia inapigishwa kona kali, vumbi zito linashindwa kukata kona na kutupwa nje. Na yeyote aliyewahi kutazama helikopta za Mi-8 za MONUSCO zikitua ameona ile midomo miwili ya mviringo juu ya kioo cha rubani. Si urembo, ni vichujio vya vumbi vilivyowekwa mbele ya injini. Walioziunda walijua zitatua wapi.

Tatizo liko zaidi kwa ndege kubwa zinazounganisha Bunia na miji mingine, ambazo ziliundwa zikifikiriwa viwanja vya lami safi. Watengenezaji wa injini wanajua hilo. Vitabu vyao vya matengenezo havitoi muda mmoja kwa dunia nzima; ndege inayofanya kazi penye vumbi ama chumvi ya bahari inatakiwa kuoshwa injini na kukaguliwa mara nyingi zaidi. Ukaguzi wenyewe hauhitaji kubomoa injini. Fundi anapitisha kamera ndogo yenye mkia mrefu, kama ile daktari anayopitisha tumboni, na kutazama bapa moja moja: hili lina kauri, hili limebambuka ukingoni, hili limeungua. Bapa lililobambuka halitengenezwi kwa nyundo. Hupelekwa kwenye karakana maalumu, kauri ya zamani ikatolewa, ikapakwa mpya, ama bapa likatupwa. Ni kazi ya fedha nyingi, na hapo ndipo kishawishi cha kusema "bado linavumilia" kinapozaliwa.

Kishawishi kingine ni vipuri. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya injini za CFM56, injini zinazobeba Boeing 737 na Airbus A320 nyingi duniani, vikiwa na hati za kughushi. Mashirika makubwa ya ndege ya Ulaya na Marekani yalijikuta navyo. Ikiwa hao wenye maofisa wa kukagua kila karatasi walidanganywa, sisi ambao soko letu lote limezoea vitu vya okazi tunatakiwa kuwa na macho zaidi.

Wenye nguvu wanajua kudai. Novemba 2023, kwenye maonyesho ya ndege ya Dubai, rais wa Emirates, Tim Clark, alisema wazi kwamba hawezi kuagiza Airbus A350-1000 wakati huo kwa sababu injini yake ya Rolls-Royce haikuwa ikidumu inavyotakiwa kwenye joto na mchanga wa Ghuba. Maneno ya mteja mmoja mkubwa yalitikisa kiwanda kizima, na Rolls-Royce ikaeleza mpango wa mamilioni ya pauni wa kurefusha maisha ya injini zake. Desemba 2024 kampuni ya CFM nayo ilipata kibali cha sehemu mpya za turbini za injini ya LEAP-1A, zilizoundwa kwa ajili ya mahali penye joto na vumbi. Dubai ilisema, ikasikika. Abiria wa Bunia anazungumza na nani?

Anazungumza na risiti. Tangu 2009 kila abiria wa Kongo analipa Go-Pass kabla ya kupanda. Ilianza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Fedha hizo ziliundwa kwa kusudi moja lililoandikwa: kutengeneza na kuboresha viwanja vya ndege. Wanaozikusanya ni RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja. Usalama wa ndege zenyewe uko mikononi mwa AAC, mamlaka ya anga. Na tukumbuke kwamba tangu Machi 2006 kampuni za ndege zilizopewa kibali na nchi yetu ziko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka huko. Sababu inayotajwa si rubani mmoja mbaya, ni usimamizi: Ulaya haijaamini kwamba serikali yetu inakagua inavyopaswa.

Tunajua jibu litakalokuja. Kuna vita, kuna watu kwenye kambi za wakimbizi wa ndani Djugu na hapa mjini, jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ninyi mnaandika juu ya kauri? Ndiyo, tunaandika. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, chanjo iliyofika kwetu ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Haikuweza kusubiri lori lililokwama kwenye matope ya Komanda. Ilikuja kwa ndege, na ndege ilikuja kwa sababu injini yake ilikuwa nzima. Katika jimbo ambalo barabara zinakatwa na watu wenye silaha, injini ya ndege ni sehemu ya msaada wa kibinadamu kama vile mfuko wa unga.

Tunachoomba si kiwanda cha kauri hapa Bunia. Tunaomba mambo yanayoweza kufanywa kwa mifagio, maji na karatasi. RVA ifagie njia ya kurukia kila siku ya kiangazi, si siku waziri anapokuja. Udongo ulio wazi pembeni ya njia umwagiwe maji kabla ya ndege kubwa na helikopta kutua, na baadaye upandwe majani mafupi, kwa maana upepo wa injini unachukua vumbi la pembeni na kulimeza. Helikopta zitengewe sehemu yao mbali na ndege zinazowasha injini. Hakuna hata moja ya hizo inayohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

AAC nayo itambue rasmi kwamba Ituri ni mazingira ya vumbi, na itake kila kampuni inayotua hapa mara kwa mara ionyeshe kwamba inafuata muda mfupi wa kuosha na kukagua injini, ule ulioandikwa na mtengenezaji kwa mahali kama hapa. Kampuni inayofanya vizuri haina cha kuficha, na kwa kweli ndiyo itakayofaidika, kwa sababu leo inashindana kwa bei na ile inayoruka ukaguzi. Chuo Kikuu cha Bunia kinaweza kusaidia kwa gharama ndogo: kuweka visahani vya kukusanya vumbi kuzunguka uwanja kwa kiangazi kimoja, kulipima uzito na kuangalia lina madini gani. Wanafunzi wetu wa sayansi wanaandika kazi za mwisho wa masomo kila mwaka juu ya mambo yaliyo mbali zaidi na maisha yetu kuliko hili.

Kuhusu Go-Pass, tunachotaka ni karatasi moja tu: kiasi kilichokusanywa Bunia kwa mwaka, kiasi kilichobaki Bunia, na kilifanya kazi gani kwenye njia ya kurukia. Ibandikwe kwenye dirisha lilelile inapouzwa tiketi hiyo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kabla ya Desemba, vumbi halijaanza kupanda.